Mzee alisema "arobaini" nikamtukana mbele za watu: kisa cha baiskeli yangu Kisarawe

Wakuu, salaam. Wenye kunipa shikamoo, marahaba mapema, maana humu nadhani karibu wote ni wajukuu zangu.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayeuza friji. Mteja kampa dau la kutupa, naye kamporomoshea matusi, na nyie kwenye komenti mnampigia makofi.

Na mimi niliwahi kupigiwa makofi hivyo hivyo. Ngoja niwasimulie.

Msije mkasema ni chai. Nina miaka tisini na ushee na naandika kwa kidole kimoja. Uongo ungenichosha bure.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini mwanzoni. Nilikuwa kijana wa Kongowe, hii ya Kibaha, msichanganye na ile ya Dar. Kazi yangu ilikuwa kuchoma mkaa na kuupeleka mjini kwa baiskeli.

Baiskeli yenyewe niliinunua kuukuu, nikaizeesha zaidi. Karia ilipinda kwa magunia. Breki ya mbele ilikuwa pambo tu. Lakini kengele yake, wakuu, ukiibonyeza hapa wanageuka watu wa Misugusugu.

Sasa kulikuwa na binti upande wa Kisarawe, anaitwa Mwanahawa. Nilimwona kwenye harusi ya jamaa yetu, na tangu siku ile mkaa wangu ukawa unaungua hovyo, natoa majivu tu.

Nikamtuma baba mdogo awe mshenga. Akarudi na jibu: posa imepokelewa, mahari hamsini, ila iletwe kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mwenye duka mmoja wa Mlandizi naye alikuwa amepeleka posa yake, na babu wa binti hakutaka kukaa na posa mbili mkononi.

Mfungo ulikuwa umebaki wiki tatu.

Akiba yangu ilikuwa shilingi sita. Kitu pekee cha kuuza ni baiskeli. Nikapiga hesabu: nikipata sabini, natoa mahari, inabaki ya nguo na ya kulisha watu siku ya ndoa.

Nikaipaka mafuta ya nazi mpaka ikang'aa, nikaiendesha hadi sokoni Kisarawe.

Hapo ndipo nilipowajua wanunuzi. Mimi ni mtu wa kuchunguza, basi hata katika shida yangu nilikuwa nawatazama.

Wa kwanza aliminya tairi akaguna kama anapapasa tumbo la mgonjwa. Akataja ishirini.

Wa pili aliisifia kila kitu, fremu, kiti, hadi spoku. Nikajua huyu sasa ananunua. Akasema hana fedha ila ana jogoo wawili na mihogo.

Wa tatu hakuitazama kabisa. Alinitazama mimi usoni, akasema, "Una haraka wewe," akataja kumi na tano.

Mpaka jua linapanda kichwani nilikuwa nimevimba kwa hasira. Kila aliyekuja nilimwona mwizi.

Ndipo akaja mzee mmoja, kanzu ya kahawia, mwavuli kwapani. Aliikagua taratibu, akabonyeza kengele, akatabasamu peke yake.

"Unataka ngapi, mwanangu?"

"Sabini."

Akashtuka. Akaizunguka tena, akafikiri.

"Arobaini, mwanangu. Nakupa sasa hivi."

Wakuu, sijui shetani gani alinipanda. Nikapaza sauti ili soko zima lisikie: "Mzee, kwa arobaini nikufungulie gurudumu moja uondoke nalo begani! Kama huna fedha, kapande punda!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja akanipiga bega, akasema nimemweza.

Yule mzee aliuhamishia mwavuli kwapa la pili. Alinitazama tu. Na mtazamo wenyewe ndio ulionisumbua, maana haukuwa wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa wa mtu asiyeelewa amekosa nini.

Akasema, "Haya, mwanangu. Uuze salama." Akaondoka.

Alasiri akapita jamaa wa mjini, suruali imepigwa pasi. Tukavutana mpaka hamsini na mbili. Nikampa. Nilirudi Kongowe kwa miguu, nimechoka lakini nimeridhika. Hamsini na mbili si sabini, ila mahari ilikuwa imepatikana.

Siku ya mahari tulikwenda watu wanne. Nilivaa kanzu ya kuazima. Tukaketi mkekani barazani, wanawake wako ndani, mlango umerudishwa kidogo.

Baba mdogo akamkabidhi babu fedha. Babu akahesabu noti, akahesabu na sarafu, moja moja. Akamaliza, akanyoosha tena mkono.

"Hii ishirini na tano. Nyingine iko wapi?"

Baba mdogo akacheka akidhani ni utani. "Babu, hiyo ni hamsini kamili."

"Ishirini na tano," akasema babu. "Mimi nilisema hamsini. Rupia hamsini."

Hapa vijana niwaeleze. Kabla ya shilingi, wakati wa Mjerumani, fedha ilikuwa rupia. Mwingereza alipoleta shilingi, rupia moja ikahesabiwa shilingi mbili. Kwetu Kongowe tulikuwa kando ya barabara kubwa, tukazoea shilingi mapema. Kule ndani wazee wengi waliendelea kuhesabu kwa rupia miaka mingi, na hawakuwa wakilitaja neno lenyewe. Kwao lilikuwa linajulikana.

Nilikuwa na nusu ya mahari na sina baiskeli.

Na mkekani palepale akili ikanirudisha sokoni. Arobaini ya yule mzee. Arobaini mara mbili ni themanini.

Mimi nilitaka sabini, wakuu. Mzee alinipa themanini nikamwambia akapande punda.

Na sabini yangu yeye aliisikia kuwa mia na arobaini. Ndiyo maana alishtuka. Kwa bei ile aliyoisikia, mimi ndiye niliyekuwa mwizi, na bado aliniita mwanangu.

Nilitamani ardhi inimeze.

Pale barazani maneno yalianza kupanda. Baba mdogo anaapa kwamba hakusikia rupia. Babu anasema mwenye duka hatashindwa. Bahati nzuri alikuwapo mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mpole, akasema mahari ni haki ya binti mwenyewe, basi aulizwe yeye alitaja nini.

Shangazi yake akaingia ndani. Akakaa kidogo, akatoka.

"Anasema alitaja shilingi."

Babu akautazama ule mlango. Kisha akasema, "Basi nimesikia vibaya mimi." Akainua mikono, tukaomba dua.

Nikaoa siku nne kabla ya mfungo.

Yule mzee nilimtafuta sokoni mara tatu nimwombe radhi. Wakanambia ni mtu wa mbali, huja akipenda. Sikumwona tena, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, silifichi.

Somo langu ni dogo. Mtu akitaja bei ya ajabu, kabla hujafungua mdomo muulize ameihesabu vipi. Pengine ni tapeli kweli. Pengine hajui. Pengine wewe ndiye hujui. Swali halina gharama.

Ila nisingeandika uzi huu kwa ajili ya hilo tu.

Tuliishi na Mwanahawa zaidi ya miaka hamsini, Mungu amrehemu. Siku moja, tumeshazeeka, tunachambua mchele, nikamsifu. Nikamwambia una bahati ulitaja shilingi, ungetaja rupia ningekukosa.

Hakuinua hata macho kwenye ungo.

"Nilitaja rupia," akasema.

Nikamuuliza, sasa mbona ulisema vile?

"Nilichungulia mlangoni nikaona miguu yako imejaa vumbi. Nikajua umekuja kwa miguu, baiskeli umeiuza. Huna kingine cha kuuza."

Akaendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo wakuu, katika uzi huu wote aliyetoa dau la aibu kuliko wote ni mimi. Nusu ya bei. Na mwenye mali hakunitukana, hakunicheka, wala hakunambia kwa zaidi ya miaka hamsini.

Karibuni kwenye komenti. Za kutukana wateja nimezisoma za kutosha. Nataka kusikia kwa mtu ambaye aliwahi kukubaliwa kwa nusu, na kama alipata nafasi ya kumshukuru aliyemkubali.