Mke Wangu Kajifungua Mapacha, Ndugu Yangu Anavimba Miguu Kambini

Admin, nifichie jina na kikosi, maana humu kambini kuna watu wanaufuatilia ukurasa wako kuliko wanavyofuatilia ratiba ya lindo. Mimi ni mwanaume wa miaka 32, mwanajeshi, kwetu ni Masoko, Rungwe. Niko nchi ya mbali kwenye kulinda amani, na nyumbani nimemwacha mke wangu kwa wazazi wangu.

Huku niko na mtoto wa baba yangu mdogo, nitamwita Ambwene. Tumekua pamoja, tukaingia jeshini pamoja, na kwa bahati tukapangwa kombania moja. Maisha ya kambi ni yale yale: ukaguzi asubuhi, kujaza mchanga kwenye viroba vya ukuta, lindo, kusubiri boza la maji, kupanga foleni ya kuchaji simu. Sisi tuliozoea mvua ya Rungwe hadi tunaitukana, huku vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Kinachotushikilia ni kula pamoja. Kwetu mwanaume anayejitenga na sahani yake anatiliwa shaka, kwa hiyo mimi na Ambwene tunachanganya chakula chetu sahani moja, na wenzetu wanatucheka, wanatuita maharusi.

Miezi michache iliyopita baba alinipigia. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, Mungu mwema. Mkeo kajifungua salama. Wawili."

Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, akanizuia. "Sikiliza kwanza. Usile na Ambwene mpaka mrudi mnywe dawa ya ukoo. Sisi huku tumeshakunywa, mmebaki ninyi. Wala usimwambie, atakosa raha na ana bunduki mkononi."

Kwa msiojua, wazee wetu wanaamini mapacha huja na nguvu nzito. Ndugu wa damu ambaye hajanywa dawa, akila na baba wa mapacha, huvimba miguu, na akichelewa hufa. Mimi nimekulia kwenye kwaya ya kanisa. Nilimjibu baba, "Sawa mzee," nikakata simu, nikaenda kula na Ambwene kama kawaida. Nilimwambia nimepata mtoto wa kiume. Yule wa pili sikumtaja, kwa sababu Ambwene anayaamini mambo hayo kuliko wazee wenyewe, nikaona nitamtia hofu ya bure.

Akaanza kulalamika kwamba buti zinambana. Tukamtania kuwa amenenepa kwa wali wa serikali. Asubuhi moja hazikuingia kabisa, akaja kwenye gwaride na ndala, na hakuna aliyecheka tena. Daktari wa kikosi alimpima mkojo akasema ni figo, lazima apelekwe kwa helikopta kwenye hospitali kubwa ya mjini. Akaniita pembeni. "Akiwahi atapona. Akichelewa siahidi kitu."

Akichelewa. Daktari msomi na wazee wetu wa Masoko wanasema neno moja. Naogopa, ndugu zangu, sioni aibu kulisema hilo.

Nikimweleza ukweli, namjua. Ataikataa helikopta, atadai arudishwe nyumbani kunywa dawa, na figo hazitamsubiri. Nisipomweleza akafia huku, nyumbani hakuna atakayetaka kusikia habari za figo. Watasema nilikatazwa, nikala naye makusudi. Na mke wangu na wale watoto wanaishi katikati ya hao hao watakaosema.

Jana mama yake Ambwene alipiga kwangu, kwa kuwa simu ya mwanawe imeharibika. Nimehakikisha hakuna mtu aliyepeleka nyumbani habari za ugonjwa, wote niliowauliza wameapa. Mama alinisalimia vizuri, akauliza taratibu, "Miguu ya mwanangu ikoje?"

Nikasema, "Yuko lindo, mama, mzima kabisa."

"Ulikula naye?"

Nikajifanya mtandao unakatika, nikaita, "Haloo, haloo."

"Mwe," akasema, sauti ya chini tu. "Kesho mchana nitapiga tena, unipe mwanangu nimsikie mwenyewe. Mimi sikugombezi, baba. Niko hapa na mkeo. Mmoja wa wanao nimempakata, mwingine kalala hapa miguuni pangu."

Kisha akakata.

Simu hiyo ni leo mchana, helikopta ni kesho asubuhi. Ambwene akiongea na mama yake, atajua yote na hatapanda. Nikiizima, mama atakuwa ameshapata jibu lake, na wanangu, ambao sijawaona hata kwa picha, wako mikononi mwake. Msiniambie niombe tu, kuomba naomba tangu jana. Nishaurini jamani, ikiita nimpe Ambwene, au niizime?