Saini Iliyobaki Kinshasa

Nicolas alizaliwa Yanonge kwa watu wa mtoni. Vita ya mwaka 1998 ilipofunga njia ya maji, akaenda mjini Kisangani kuendesha toleka, baiskeli yenye kigodoro nyuma cha kubebea abiria. Hakuwa mtu wa maneno. Hata abiria aliwaita kwa kengele.

Dada yake Rosine alikuwa anakufa kwa Sida, yaani UKIMWI. Kufa alishakubali. Alichoomba ni kufa bila kupiga mayowe kwa maumivu.

Dawa ya maumivu hayo, mofini, ilikuwapo hospitalini. Ilijaa kabati zima. Ufunguo alikuwa nao papa Edouard, mtunza dawa, aliyeuvaa shingoni kama askofu na msalaba wake.

"Ile dawa inaomba saini mbili," alimwambia Nicolas. "Ya munganga mukubwa na ya inspekteri."

"Inspekteri iko wapi?"

"Kinshasa."

"Lakini papa, Kinshasa iko ngambo ingine ya vita."

"Bon. Tungoje vita iishe."

Heshima iliyoje kwa karatasi! Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yamepigania mji usio wao, mabomu yakatoboa mapaa, lakini utaratibu wa kabati haukupata hata mkwaruzo.

Kisha wakashuka kwa ndege mabwana wa semina ya Sida. Waligawa kofia na biskuti, wakafundisha siku nzima namna ya kumsindikiza mgonjwa kwa upendo. Edouard alipiga makofi kuliko wote. Nicolas alipewa fulana yenye maandishi mazuri. Rosine aliing'ata ili majirani wasimsikie.

Kesho yake mchana, Nicolas alimfunga dada yake mgongoni kwa kitenge, akapanda toleka, akaenda kumlaza mlangoni kwa Edouard.

"We Nicolas, uko na wazimu? Hapa ni nyumba ya mutu!"

"Najua, papa. Atalia hapa mupaka vita iishe."

Rosine alilia. Edouard aliendelea kumega lituma yake ya ndizi za kuponda, akasifu hata mboga. Mkewe Colette alivumilia mlio wa kwanza na wa pili. Wa tatu ulipotoka, alichukua kisu cha kumenyea ndizi, akakata kamba ya ufunguo shingoni mwa mumewe.

"Colette! Ile ni mali ya serikali!"

"Serikali gani? Ya Kinshasa ao ya hawa wenye bunduki?" Akamgeukia Nicolas. "Twende, kaka. Huyu tumuache amalize kula."

Hospitalini, muuguzi wa zamu hakuuliza saini ya mtu; alifungua kabati, akampa Rosine dawa. Edouard alipofika akihema, Rosine alikuwa ameshaomba chai.