Kombolela ya Kifini

Mjukuu wangu, msichana wa miaka sita, alikuja Mtoni kutoka Ufini kwa wiki mbili, na siku ya kwanza tu akanikataa. Shikamoo alinipa, muhogo wangu akala. Ila kwenye kombolela, anayetafuta huhesabu hadi ishirini wenzake wakijificha, naye alishikilia kwamba hesabu iwe ya Kifini. Babu asiyejua akae pembeni atazame. Sikutaka kumaliza wiki mbili zile nikitazama.

Nikamwomba mama yake, binti yangu, anifundishe. Yksi, kaksi, kolme, mpaka kymmenen, yaani kumi, ni kukariri tu, na kukariri nimezoea tangu madrasa. Kumi na moja ndiyo ilinisimamisha. Sie tunaishika kumi, tunaongeza moja. Wafini husema yksitoista, moja ya la pili, maana kumi la kwanza wameshaliacha nyuma. Binti yangu akamwaga njiti za kiberiti mkekani ili anieleweshe. Nikamwambia azirudishe. Funga ya kumi na moja ya Ramadhani, si ndiyo tunaanza kumi la pili? Alhamdulillah, kumbe Wafini ni watu wa kwetu kabisa.

Kosa langu lilikuwa kujifunzia kwenye tasbihi. Punje moja, namba moja, siku tatu mfululizo. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, nikaishika msikitini, na ulimi ukafuata vidole. Nilikuwa nimefika seitsemäntoista, kumi na saba, nilipomwona mzee mwenzangu wa safu ya mbele amenisogelea, katega sikio.

"Shehe," akaninong'oneza, "uradi huu una fadhila gani?"

Nikastaghfiru, nikamweleza ukweli wote. Hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama mchezo wenyewe una nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Jioni ile nilielekeza uso ukutani, nikahesabu kwa sauti. Kwenye yhdeksäntoista, kumi na tisa, nikasita. Nyuma ya tanki la maji nikasikia mzee mwenzangu akikohoa, na mjukuu akimnyamazisha. Nikamalizia: kaksikymmentä, makumi mawili.

Hukumu ikatoka kulekule nyuma ya tanki.

"Babu, umefaulu. Huyu mwenzio ndiye hajui kujificha."