Kidole cha Jaji

Mwaka tuliopata bendera yetu nilikuwa karani wa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na nyumba Diani. Kazi yangu ilikuwa barua, na barua zake zote zilihusu mbwa. Alifuga mbwa wa Kongo, wale wasiobweka, ambao huko Ulaya walikuwa adimu hata watu wakaandikiana kurasa nne kwa ajili ya mkia mmoja.

Kulikuwa na kijitabu cha vigezo ambacho majaji wa kila nchi walikifuata. Masikio yasimame. Paji la uso liwe na mikunjo. Mkia ujikunje na kulala upande mmoja wa paja. Nilikihifadhi kwa ghibu, kama nilivyohifadhi juzuu yangu chuoni Msambweni. Mama yangu hakuipenda kazi ile. Kila niliporudi nyumbani aliniuliza kama mbwa wamenigusa, na ndoo ya maji na mchanga vilikuwa tayari vimewekwa uani, nijitwaharishe.

Mtunza mbwa alikuwa mtu wa Taru, wa rika langu, mtoto wa mwindaji. Hakujua kusoma. Siku moja memsahibu alitaka kuchagua mmoja kati ya watoto wawili wa mbwa. Nikaleta rula na kijitabu, nikapima, nikamwambia amchukue mwekundu. Mtu wa Taru aliwatazama wakivuka uwanja mara moja tu, akasema huyo mwekundu atakuja kutupa mguu wa nyuma nje. Memsahibu alinisikiliza mimi. Miezi mitano baadaye mguu ukatupwa nje, kama alivyosema.

Tangu hapo memsahibu alikuwa akinipita mezani kwangu asubuhi, anakwenda moja kwa moja bandani kumuuliza yeye. Niliwasikia wakicheka. Nilikuwa nikisimamisha mashine ya taipu ili nisikie wanacheka nini.

Ikaja habari ya maonyesho makubwa Mombasa, na jaji anatoka ng'ambo. Bila kuambiwa na mtu, nilikwenda kwa fundi Ukunda nikashonesha koti jeupe, maana wanaoingiza mbwa uwanjani huvaa vizuri. Ni nani mwingine aliyejua vigezo? Nilipolileta koti kazini, memsahibu alilisifu sana. Kisha akasema mbwa atashikwa na mtu wa Taru, kwa kuwa kwake hutulia, na akaniomba nimwazime lile koti. Mimi nimfundishe taratibu za uwanjani.

Nilimfundisha siku tatu. Namna ya kuzunguka, namna ya kumsimamisha mbwa, namna ya kuonyesha meno. Alisikiliza kwa makini, akirudia kila neno. Mwisho aliniuliza jaji akishamaliza kutazama hufanya nini. Nilijua. Humnyooshea kidole yule aliyemchagua, naye husogea mbele.

Nikamwambia, "Akikunyooshea kidole, bwana, umekataliwa. Toka kwa adabu, usibishane."

Siku ya maonyesho nilisimama nyuma ya kamba na memsahibu. Mbwa alisimama kama amechongwa, na koti langu lilimkaa yule mtu vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Jaji, mzee mwembamba, aliwapitia mbwa wote, akarudi kwake mara mbili. Kisha akanyoosha kidole.

Mtu wa Taru aliinamisha kichwa kwa heshima, akamgeuza mbwa, akatoka uwanjani.

Watu walicheka. Jaji alimtuma msaidizi wake amwite, lakini mbwa alikwisha kuvurugika na zile kelele, akakataa kusimama tena. Akapewa utepe wa pili. Memsahibu alipouliza kulikoni, yule mtu alisema amekosea yeye, amesahau alivyofundishwa. Nami nilikuwepo.

Baada ya wiki chache barua ya jaji ikafika mezani kwangu. Aliandika kwamba katika miaka yake yote hajaona mkono uliomtuliza mbwa wa aina ile namna hiyo. Alimwomba memsahibu ampeleke mbwa kwenye maonyesho ya Ulaya, na mtu yule yule amshike.

Kwa hiyo ni mimi niliyejaza fomu zake za pasi ya kusafiria, pasi za serikali mpya ambazo hata sisi makarani tulikuwa hatujazishika. Alikaa mbele yangu, akanitajia kijiji chake na jina la babake, nami nikaandika. Nilipomaliza, aliniomba nirudie yale mafunzo, asiaibike mbele za watu kule.

Nilirudia yote. Nilipofika kwenye kidole, nikasema, "Akikunyooshea, amekuchagua wewe. Sogea mbele."



"Kumbe," akasema. Kisha akauliza kama kuna mahali pengine pa kutia kidole gumba. Nikamwonyesha.

Alisafiri kwa meli kutoka Kilindini. Barua za kutoka huko zilikuja kwa memsahibu, lakini zilipitia kwangu kwanza, kwa hiyo nilikuwa mtu wa kwanza pwani nzima kujua kwamba mbwa ameshika nafasi ya kwanza. Siku ile watu wa bandani waliponiuliza kama kuna habari zake, niliwaambia barua haijafika. Nikakaa nayo ndani ya mtoto wa meza mpaka Ijumaa.