Mzee wa Ogembo na Magari ya Jumapili

Jumapili tulikuwa katika ukumbi wa video pale Ogembo, tukitazama mbio za yale magari mepesi yasiyo na paa. Zamani ungekosa pa kukaa. Sasa tulikuwa watano tu.

Mwenye ukumbi ni Msabato. Mbio za Jumamosi hujirekodi yeye akiwa kanisani, naye hutuonyesha Jumapili. Ndiyo maana tulimshuku kwamba hata hizi za leo zilikuwa za kurekodiwa.

“Hii ni ya zamani,” mzee mmoja akasema, akiinyooshea runinga fimbo. “Huyu wa mbele si tulimwona akishinda juzi?”

“Omogaka, mzee wangu,” mwenye ukumbi akajibu, “huyo hushinda kila wiki. Soma pale juu, wameandika mubashara.”

“Hata mimi naweza kujiandika ‘kijana’ kwenye paji la uso.”

Tukasogeza viti mbele, tukitafuta kosa. Mzee akampigia bintiye anayefanya kazi Uarabuni, katika mji huohuo wa mbio, akaweka spika.

“Huko kukoje?”

“Vumbi, baba. Limetanda sasa hivi.”

Kwenye runinga, mashabiki walikuwa wakijifunika nyuso kwa vitambaa.

Mzee akaguna, “Ni ya sasa hivi kweli,” akainuka, akatoka. Wengine wakamfuata. Gari lilelile lilikuwa bado mbele. Kumbe muda wote huo tulikuwa tunamvizia mwenye ukumbi, wala si magari.

Nilipokuwa nikiaga, mwenye ukumbi akaninong'oneza: “Jumapili ijayo nitaweka ya zamani kweli. Wakinishuku, angalau watakaa.”