Karanga za Mama wa Redio

Juma lililopita, kwenye dirisha la tiketi hapa bandarini Kalemie, nilisimama nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba cha kijani. Aliinama akamwambia karani: "Papa, nipatie tiketi ya Moba. Mama yangu ni mugonjwa."

Karani akaacha kuandika. Sauti ile tunaijua sote. Ni ya bibi mchawi wa mchezo wa redio, yule anayemtesa yatima kila Jumapili.

"Wewe njo unalishaka mutoto sumu?" akauliza, akiifunika tiketi kwa kiganja.

Mstari mzima ukarudi nyuma. Mama akacheka. "Ile ni kazi, Papa. Hata sauti ya mutoto, njo mimi nafanyaka." Na ili kututuliza akaitoa palepale, sauti nyembamba ya yatima tunayemwombea hadi kanisani: "Bibi, usinipige!"

Hapo ndipo alipoharibu. Mzee mmoja akajipiga ishara ya msalaba. "Munasikia? Alisha kumukula! Mutoto iko mu tumbo yake!"

Karani akaisukuma tiketi kwa ncha ya kalamu, asije akagusana naye mkono.

Niliwacheka moyoni. Watu wazima, wenye redio nyumbani, wanaogopa kazi ya mtu! Kisha mama akaja kukaa karibu yangu kungoja meli, akanigawia karanga zake. Nilishukuru sana. Zimo mfukoni mwa koti langu hadi leo, na koti lenyewe nimelitundika nje ya nyumba.