Chumvi Iliyopimwa

Watu walimwita Bi Chumvi, na jina likamkaa. Mumewe alimwachia mabwawa manne ya kukaushia maji ya bahari, naye kwa reki ya mbao na mikono iliyochanika akakwangua chumvi iliyosomesha wanawe wawili.

Mtafiti alipokuja na vichupa vyake kuomba chumvi ya kupima, wenye mabwawa wote walimpa kisogo. Bi Chumvi peke yake alimjazia vichupa sita. Mdogo wake, ambaye bwawa lake lilipakana na ya kwake, alimkanya.

"Dada, huyo hakuja kutafuta uzuri."

Bi Chumvi alimwambia kwamba yeye hana cha kuficha.

Miezi mitatu baadaye redio ikatangaza kuwa chumvi ya ufuo ule ina vipande vya plastiki, vidogo kuliko punje ya mchanga: mifuko, nyavu na nyuzi za nguo zilizosagika baharini. Maji yalikuwa yale yale kwa wote. Lakini wanunuzi walipouliza, kila jirani alinyoosha kidole upande mmoja: iliyopimwa ni ya yule. Mdogo wake naye alinyoosha.

Magunia ya Bi Chumvi yakalala bandani hadi yakalowa unyevu. Akamfuata mtafiti mjini, akamsihi apime na mabwawa ya wengine, watu wajionee. Mtafiti alimsikiliza kwa adabu, akamweleza kwamba kazi ile imekwisha na sasa anashughulikia visima. Kisha akafungua ripoti ukurasa wa mwisho.

"Tumekushukuru hapa, mama. Umeona?"

"Sijui kusoma, baba."

Akamsomea. Ulikuwa mstari mmoja, na jina lake halikuwemo. Waliandika "mkazi mmoja".

Kiangazi kilichofuata mdogo wake aliyachukua mabwawa yote manne, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyataka. Alimpa dada yake kazi ya kukwangua, kwa sharti kwamba wateja wakija ajitande khanga hadi machoni.

Siku moja akaja mnunuzi aliyemzoea Bi Chumvi kwa miaka kumi. Alionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hii ndiyo chumvi safi sasa.

"Na yule mama mwenye plastiki yuko wapi siku hizi?"

"Alihama," mdogo mtu alijibu.

Bi Chumvi aliinama, akafunga mdomo wa gunia, akamtwisha mnunuzi mzigo wake.